Stoo Imejaa Kompyuta Mbovu: Namna ya Kuziondosha Salama Katika Taasisi Kubwa

Kila taasisi kubwa ina chumba ambacho ufunguo wake anao mtu mmoja, na mtu huyo hapendi kuulizwa kilichomo. Chuoni huwa nyuma ya maktaba, hospitalini jirani na dobi, halmashauri chini ya ngazi. Ukifungua mlango unakutana na monita za chogo, zile nene za zamani, zilizopangwa hadi karibu na dari, sipiyu zilizokwisha nyofolewa RAM, printa zisizo na trei, UPS (vile visanduku vya akiba ya umeme) zilizokufa, na juu kabisa feni moja ambayo mtu aliapa ataitengeneza.

Chumba hicho sasa kinajaa upya. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi zilizonunuliwa kabla ya 2018 hazikubali Windows 11. Kwa hiyo maofisa TEHAMA wengi wanaandika dokezo la kuomba mashine mpya, na kila inayoingia inaisukuma ya zamani kuelekea stoo.

Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria taasisi ya umma ya Tanzania: chuo kikuu, hospitali ya rufaa, halmashauri. Msomaji wa Kenya asome NEMA, mamlaka ya mazingira ya kwao, kila ninapoandika NEMC, baraza letu la mazingira, na akumbuke kwamba sheria yao ya 2015 ya ununuzi na uondoshaji wa mali za umma inadai kamati maalumu ya kazi hii. Yaliyobaki hayatofautiani sana, kwa sababu asidi ya betri haijui mpaka.

Jambo moja kabla ya yote: mnunuzi anatafutwa mwisho. Nimeona taasisi zikianza na simu kwa mtu wa skrepa, na kuanzia siku hiyo haraka yake ndiyo inayoendesha kazi. Anakuja na Fuso Jumamosi asubuhi, boharia anatafuta leja mbio mbio, diski hazijafutwa, na saa sita mchana chumba ni kitupu na hakuna anayejua kilichotoka.

Hatua ya kwanza: pata maandishi na watu

Andika dokezo kwa afisa masuuli, yaani mkuu anayewajibika kwa fedha na mali za taasisi, ukiomba kuundwa kwa timu. Iwe na boharia, mtu wa TEHAMA, mtu wa ugavi, mkaguzi wa ndani na anayesimamia mazingira au afya mahali pa kazi. Hospitali iongeze fundi wa vifaa tiba. Bila barua yenye muhuri usiguse hata kipanya: kifaa kikipotea baadaye, wewe uliyekuwa na nia njema ndiye utakayeandikiwa.

Hatua ya pili: hesabu kilichopo, si kilichoandikwa

Toa vitu nje ya chumba, kimoja kimoja, huku mmoja akisoma namba na mwingine akiandika. Usihesabu vikiwa vimepangana. Ukifanya hivyo utahesabu vya mbele tu. Kwa kila kifaa andika namba ya mali ya taasisi, serial namba ya kiwandani, aina, idara kilikotoka, kama kina diski, kama kina betri, na hali yake. Piga picha ya lebo, maana vumbi na jasho hufanya 8 isomeke 3.

Leja na chumba havitalingana. Vitakuwepo vifaa kwenye leja ambavyo havionekani, na vitakuwepo vifaa chumbani ambavyo leja haivijui, hasa vile vilivyoletwa na miradi ya wafadhili na kuachwa mradi ulipoisha. Kishawishi ni kurekebisha namba ili zikutane. Usifanye hivyo. Andika tofauti kama ilivyo na mkaguzi wa ndani asaini palepale. Tofauti iliyoandikwa mapema ni swali la kujibiwa. Ile atakayoikuta CAG mwenyewe, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ni hoja ya ukaguzi.

Hatua ya tatu: tenga vinavyoweza kumuumiza mtu

Hapa usiharakishe.

Anza na betri za UPS. UPS ndogo ya mezani kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 yenye uzito wa kilo mbili na ushee, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi. Iliyokaa stoo miaka mitano mara nyingi imevimba ubavuni na vichwa vyake vimeota unga mweupe. Vaa glavu za mpira na miwani, toa betri, funika vichwa kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, zipange zikiwa wima juu ya palleti mahali penye hewa. Asidi ikiwa imemwagika sakafuni, nyunyizia chokaa au magadi taratibu mpaka iache kutoa povu, kisha ndipo ufute.

Betri hizi zina soko, na soko hilo ndilo tatizo. Mnunuzi wa mtaani hutoboa, humwaga asidi mtaroni na kuyeyusha risasi kwenye sufuria. Anayedhani huo ni utani aulize Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kikipakana na nyumba za watu, watoto wakapimwa na kukutwa na risasi katika damu, akiwemo mtoto wa Phyllis Omido aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Huko ndiko betri ya UPS inakoweza kuishia ukimwachia mtu kwa sababu tu amefika na pesa mkononi.

Betri za lithiamu za kompyuta mpakato, simu na tableti ni hatari ya aina nyingine. Iliyovimba huonekana bila kufungua mashine: kipadi cha panya kimeinuka, au mfuniko haufungi sawasawa. Usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze ili irudi. Funika vichwa kwa tepu, iweke peke yake kwenye ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, nje ya jengo, kivulini. Ikianza kutoa moshi ondokeni wote, kwa kuwa moshi wenyewe ni sumu, na ita zimamoto.

Monita na TV za chogo zisifunguliwe na mtu yeyote hapo kazini. Ndani ya kioo mna ombwe, na shingo yake ikivunjika vipande huruka. Kioo chenyewe kimechanganywa na risasi, kwa kawaida kilo moja au zaidi kwa monita. Zibebwe na watu wawili, uso wa kioo ukiwa umeelekea kifuani, zipangwe safu moja au mbili tu. Skrini bapa za zamani, zile za kabla ya taa za LED, zina mirija myembamba yenye zebaki. Zisivunjwe wala zisilaliwe na mizigo.

Tona ya printa na fotokopi ni unga laini sana. Katriji iingie ndani ya mfuko na mfuko ufungwe. Ikimwagika usifagie na usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi; futa kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya baridi. Maji ya moto huuyeyusha unga ukang'ang'ania kwenye nguo daima. Shati langu moja ni shahidi.

Hospitali na maabara zina la ziada. Ukiona alama ya mionzi, ile ya panga tatu kama feni ya darini ndani ya rangi ya njano, simamisha kazi, funga mlango na uwasiliane na TAEC, Tume ya Nguvu za Atomiki. Mashine ya eksirei ya kawaida haitoi mionzi ikiwa haina umeme, lakini mashine ya tiba ya saratani inaweza kubeba chanzo cha mionzi ambacho hakizimiki. Septemba 1987, katika mji wa Goiânia nchini Brazil, waokota vyuma chakavu walichukua kichwa cha mashine ya namna hiyo kutoka kliniki iliyohamwa. Mwenye duka la skrepa aliona unga unaong'aa rangi ya samawati gizani, akawagawia ndugu na jamaa kama kitu cha ajabu. Watu wanne walikufa na 249 walikutwa wamechafuliwa na mionzi. Waokotaji wale hawakuwa wajanja hata kidogo. Kliniki iliacha kifaa nyuma bila mwenyewe.

Hatua ya nne: diski

Katika taasisi moja nitakayoiacha bila jina, fotokopi tatu ziliuzwa mnadani zikiwa zimefutwa vumbi vizuri. Mmoja wa wanunuzi alikuwa fundi. Alifungua kifuniko cha nyuma, akakuta diski ya inchi mbili na nusu, akaichomeka kwenye kompyuta yake aone kama bado nzima. Mafaili yakafunguka: barua za nidhamu, nakala za vyeti, fomu za bima za wafanyakazi na watoto wao. Bahati yetu alikuwa muungwana. Alirudi na diski ndani ya bahasha ya kaki, akaiweka mezani na kusema, "Bosi, hii naona ni ya kwenu."

Tangu siku hiyo siamini kifaa chochote mpaka nimekigeuza nyuma. Sipiyu na kompyuta mpakato kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni fotokopi kubwa, kinasa picha cha kamera za ulinzi, mashine ya mahudhurio yenye alama za vidole za wafanyakazi wote, mashine ya ultrasaundi yenye picha na majina ya wagonjwa, swichi na ruta zenye nywila za mtandao mzima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na haitofautishi kati ya taarifa zilizovuja kwa udukuzi na zilizovuja kwa kirikuu.

Kuformati si kufuta. Kunaondoa fahirisi tu. Kurasa za kitabu zinabaki. Fanya hivi:

Diski ya kawaida ya kuzunguka, ikiwa bado inafanya kazi, iandikwe sifuri mwanzo hadi mwisho. Programu ya nwipe, inayopatikana ndani ya ShredOS, ni ya bure na huwaka kutoka kwenye flashi. Mzunguko mmoja unatosha kwa diski za kisasa. Hadithi za mizunguko saba au 35 ni za zama nyingine na zitakumalizia mwezi. Diski ya GB 500 huchukua kama saa moja na nusu ikiwa na afya. Panga mashine kumi mezani, ziwashe zote, nenda kanywe chai.

SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, haitaki njia hiyo, kwa sababu hujiwekea akiba ya sehemu ambazo kompyuta haizioni. Tumia amri ya kufuta iliyojengwa ndani ya diski yenyewe, kupitia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) au programu ya mtengenezaji. Ikigoma, iharibiwe. Sumaku haiigusi SSD kabisa, hata iwe kubwa kama ya kunyanyulia magari.

Iliyokufa haifutiki, kwa hiyo itobolewe. Drili, matundu matatu au manne yapitie sahani za ndani. Vaa miwani: sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo, hupasuka na kuruka. Kwa SSD tundu la katikati linaweza kupita bila kugusa kumbukumbu hata moja; ifungue uone chipu nyeusi za kumbukumbu ziko wapi, na kila moja ipate tundu lake. Kupiga nyundo kwa nje kunaridhisha moyo tu.

Kisha pima kazi yako. Chukua diski moja kati ya kila kumi zilizofutwa, mpe mtu ambaye hakuzifuta, ajaribu kurejesha mafaili kwa PhotoRec. Akipata hata picha moja ya harusi, rundo lote linarudi mezani.

Kila diski iwe na mstari wake kwenye orodha: serial namba ya diski, ya mashine ilikotoka, njia iliyotumika, tarehe, saini za watu wawili. Swichi, ruta na mashine za vidole zirudishwe katika hali ya kiwandani, na tableti ziondolewe akaunti ya Google au Apple. Bila hivyo atakayepewa atakabidhiwa kipande cha kioo. Mwisho bandua lebo za taasisi. Monita yenye nembo yenu ikionekana jalalani, picha itafika mitandaoni kabla ya mkurugenzi hajafika ofisini.

Hatua ya tano: gawa mafungu

Sasa ndiyo uamue kipi kiende wapi. Mashine iliyokataa Windows 11 si lazima iwe mbovu: ikiwa na RAM ya GB 4 na SSD ndogo inaendesha Linux Mint bila kulalamika, na inatosha kwa maktaba au kaunta ya mapokezi. Hamishia idara nyingine kwanza.

Msaada kwa shule ufikirie mara mbili. Shule ya sekondari ya kijijini haiombi kusaidiwa kutunza taka zako. Kanuni yangu ni kwamba kompyuta ya kugawa iwe imewashwa saa mbili mfululizo bila kuzima, iwe na kebo, kibodi, kipanya na mfumo uliokwisha wekwa, na mwalimu aione ikifanya kazi kabla ya kusaini. Ikikosa kimoja, hiyo ni taka.

Vipuri toa vichache: RAM, powasaplai, feni. Weka rafu moja, na rafu ikijaa basi. Vinginevyo utakuwa umehamisha chumba kile kile kwenda chumba kingine.

Hatua ya sita: idhini

Mali ya umma haifutwi na mkuu wa kitengo. Orodha huenda kwa wahakiki mali, wanaiona kwa macho, wanapendekeza njia na bei ya kuanzia, kisha idhini inapanda ngazi zilizowekwa na sheria za fedha na za ununuzi wa umma. Hii inachukua miezi, na hakuna njia ya mkato ninayoweza kukupa. Ndiyo maana hatua ya tatu na ya nne zinatangulia: vifaa vitakaa hapo vikisubiri saini, bora visubiri bila diski na bila betri zinazovuja.

Katika dokezo la kuomba idhini sisitiza kitu kimoja. Taka hatarishi zisichanganywe na meza na viti katika mnada wa wazi. Kanuni za 2021 za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zinataka anayezishughulikia awe na kibali. Tangazo la zabuni liseme hivyo tangu mstari wa kwanza.

Hatua ya saba: sasa mtafute mnunuzi

Omba kuona kibali chenyewe, si kivuli chake kwenye WhatsApp. Soma tarehe ya mwisho na aina za taka zilizotajwa. Kibali cha kusafirisha si kibali cha kuchakata. Ukiwa na shaka, iulize NEMC ofisi ya kanda.

Halafu nenda ukaone uwanja wake, bila kumpa taarifa ya wiki nzima. Angalia chini. Sakafu ya saruji na mapipa yenye majina ni dalili njema. Udongo mweusi wenye vipande vya waya wa shaba usio na ngozi maana yake anachoma nyaya, na moshi wa plastiki ile una dioksini, sumu kali. Muulize mazabodi, zile bodi kuu za kompyuta, huishia wapi. Akisema nje ya nchi, muulize karatasi: tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa usafirishaji wa taka hatarishi, unataka ridhaa ya maandishi ya nchi inayopokea kwa taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu.

Na umpime kwa swali la chogo. Mazabodi, shaba na alumini vina pesa. Kioo chenye risasi kinamgharimu anayekipokea. Anayetoa bei nono kwa shehena yote bila hata kuuliza chogo ni ngapi ana mpango wa kuzitelekeza njiani. Mtu mwenye bei ya wastani, anayelalamikia chogo na kutaka kulipwa kwa ajili yake, huyo zungumza naye. Mkataba useme anachukua vyote, kwa uzito, na kwamba taasisi inaweza kutoa pesa badala ya kupokea. Wahasibu hupata shida kuliona hilo, kwa hiyo waandae mapema.

Hatua ya nane: siku ya gari

Iwe siku ya kazi, asubuhi, si Jumamosi. Gari lipimwe kwenye mizani likiwa tupu na likiwa limejaa. Betri ziende peke yake, chogo zifungwe kwa kamba na kufunikwa turubai. Boharia asome namba, mkaguzi atie alama, picha ipigwe kabla ya mlango wa gari kufungwa, na hati ya makabidhiano isainiwe nakala tatu getini. Mtu wenu mmoja alifuate gari mpaka uwanjani.

Cheti cha uchakataji kikifika, kilinganishe na orodha mstari kwa mstari. Namba isiyoonekana kwenye cheti haifutwi kwenye leja. Piga simu, uliza, andika jibu. Zikishakutana zote, peleka faili kwa mhasibu afute mali kwenye rejista, mchukulie boharia ufunguo, na chumba kipewe kazi nyingine wiki hiyo hiyo, hata kama ni kuweka viti vya mahafali. Kikikaa kitupu mwezi mmoja, mtu ataleta printa.